Dodoma: Chumba cha Mwanafunzi

Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, aliyekosa bweni alishindania chumba cha mtaani na wanafunzi wenzake. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, anashindana pia na mtumishi mwenye mshahara, na mwenye nyumba anajua amchague nani.

Bei inauma, lakini masharti yanauma zaidi: kodi ya miezi sita, pengine mwaka mzima, kwa mkupuo, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ambayo mwanafunzi hupewa na Bodi ya Mikopo, hutoka kwa awamu! Wabunge wanaokutana jiji hilohilo (nao baadhi ni wapangaji) watunge sheria ya kuweka kikomo cha kodi inayodaiwa mapema.