Kwa Nini Pikapu Hula Mafuta Mengi?



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za pikapu, yaani ile motokaa yenye nafasi ya watu mbele na nafasi ya mizigo nyuma, ambayo huonekana katika kila soko na kila shamba kubwa. Wenye pikapu wana malalamiko mengi, lakini moja hulisikia kila niketipo barazani: gari linakula mafuta. Mtu alinunua akiambiwa ya kwamba atakwenda kilomita 12 kwa lita moja, naye akikisia aona hafiki hata 9. Basi humshitaki fundi, kisha humshitaki mwenye kituo cha mafuta, na mwisho humshitaki yule aliyemwuzia gari.

Malalamiko haya si ya mchezo. Tuseme mtu achukua kabeji za wakulima na kuzipeleka mjini, safari ya kilomita 300 kwenda na kurudi. Kwa hesabu ya kilomita 12 atahitaji lita 25, naye amepanga nauli ya kila gunia kwa hesabu hiyo. Lakini gari lake huenda kilomita 9 tu, kwa hiyo huteketeza lita 33 na zaidi kidogo. Akisafiri mara tatu kwa juma, lita zilizopotea ni 25, nazo ni mafuta ya safari nzima kama alivyoihesabu. Kila juma amelipa safari ya nne asiyoifanya, wala haoni kwa nini mfuko wake hautunishi.

Sasa, ile namba 12 ilitoka wapi? Hupatikana katika chumba cha majaribio. Gari hupandishwa juu ya mitambo izungukayo, magurudumu huzunguka lakini gari halitoki mahali pake, na dereva hufuata mwendo uliopangwa tangu mwanzo hata mwisho. Humo hamna kilima, hamna tope, wala hakuna mtu apakiaye saruji. Huko Marekani, baada ya shida ya mafuta ya mwaka 1973, ilitungwa sheria mwaka 1975 ya kuwalazimisha wenye viwanda kupunguza ulaji wa mafuta, na namba za magari zikawa zikitangazwa kwa wanunuzi. Watu wakalalamika kama tulalamikavyo sisi. Basi kwa magari ya mwaka 1985 serikali yao ilizipunguza namba zile, asilimia 10 kwa mwendo wa mjini na asilimia 22 kwa mwendo wa barabara kuu. Na kwa magari ya mwaka 2008 ikaongeza majaribio ya mwendo wa kasi, ya kiyoyozi na ya baridi. Ulaya nayo ilibadili kipimo chake mwaka 2017 kwa sababu iyo hiyo. Namba ya karatasi yafaa sana kwa kulinganisha gari na gari. Haikuwekwa ili mtu apangie nauli ya kabeji.

Kwa hiyo yampasa kila mwenye pikapu kuitafuta namba yake mwenyewe, na njia ni rahisi hata mwanafunzi wa darasa la tano aweza kuifanya. Jaza tangi mpaka bomba la pampu lijifunge lenyewe kwa mara ya kwanza, usiongeze tone. Andika kilomita zilizo kwenye saa ya gari. Fanya kazi zako mpaka tangi likaribie kwisha, kisha urudi kwenye pampu ile ile, ujaze vile vile. Ikiwa umekwenda kilomita 414 na pampu imetia lita 46, gawanya: umepata kilomita 9 kwa lita. Fanya hivyo mara tatu kabla ya kusema neno. Wengi hutia lita 10, huenda siku moja, na mshale ukishuka hupiga kelele. Tangi laweza kujaa kwa tofauti ya lita 2 kwa sababu ya mteremko wa mahali gari liliposimama, na lita 2 katika 46 si kitu, lakini katika 10 ni sehemu ya tano nzima.

Wala usihesabu kwa shilingi. Bei ya mafuta hugeuka kila mwezi: Tanzania hutangazwa na EWURA, na Kenya hutangazwa na EPRA. Mtu asemaye, "Mwezi uliopita fedha hizi zilinifikisha Korogwe, sasa hazinifikishi," huenda gari lake halina kosa lolote.

Tena litazame tairi. Ikiwa umefunga tairi kubwa kuliko zilizokuja na gari, kama vijana wapendavyo, gurudumu huzunguka mara chache zaidi kwa safari ile ile, na saa ya gari hudanganyika. Mzingo wa tairi ukizidi kwa sehemu ya kumi, saa husema 100 nawe umekwenda 110. Gari laonekana baya kuliko lilivyo.

Haya, tuseme umepima vizuri na namba ni ndogo kweli. Kabla ya kumwita fundi, itazame njia yako. Wengi wenu mwaijua barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto. Kupanda kule ni karibu mita 1,000 kwenda juu. Kuinua pikapu ya tani 2 kwa kimo hicho, mbali na kazi ya kuisukuma mbele, hutaka nguvu ambayo injini ya dizeli huipata kwa kuchoma lita 2 hivi, kwa maana sehemu kubwa ya joto la mafuta hupotea kwenye rejeta na bomba la moshi. Ukirudi toka mjini na mifuko 20 ya saruji, ambayo ni tani moja, ongeza lita nyingine moja kwa mlima huo peke yake. Hakuna fundi awezaye kuifuta kodi hii. Hilux ya kwanza iliyotoka Japani mwaka 1968 ilikuwa na injini ya lita 1.5. Pikapu za siku hizi zenye milango minne hukaribia tani 2 kabla ya kupakia hata gunia, na watu huzitumia kwenda dukani kununua sukari. Hapo mimi simwonei huruma mtu.

Upepo nao hudai haki yake. Pikapu ina uso mpana kama mlango wa ghala. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 80 kwa saa kufika 110, nguvu ya upepo uizuiao hukaribia kuwa mara mbili. Wako wasafirio na mlango wa nyuma wa sehemu ya mizigo umefunguliwa, wakidhani ya kuwa upepo utapita kwa urahisi. Majaribio yameonyesha kwamba haisaidii. Mlango ukifungwa, hewa huzunguka ndani ya sehemu ile kama maji katika kidimbwi, na upepo wa juu hupita juu yake.

Yako pia makosa ya gari lenyewe, na mengine huonekana bila chombo chochote. Tairi zilizopungua upepo huongeza ulaji. Breki ikamatayo kidogo wakati wote hula mafuta na breki pia: simama baada ya safari, sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa, nawe utalijua moja lililo moto kuliko wenzake. Gia ya magurudumu manne iliyosahauliwa baada ya matope ni kosa jingine. Kuacha injini ikinguruma sokoni wakati utingo apanga mizigo hula karibu lita moja kwa saa, na zaidi kama kiyoyozi kinafanya kazi. Lakini liko moja ambalo ningependa mlisikilize kwa makini, nalo ni thamostati. Hiki ni kifaa kidogo kizuiacho maji ya rejeta mpaka injini ipate moto wake. Mafundi wengi hapa kwetu huing'oa na kuitupa, ati nchi yetu ni ya joto. Injini isiyofikia joto lake hutiwa mafuta mengi kuliko haja, kila siku, mwaka mzima. Muulize fundi wako kama gari lako linayo.

Kuhusu chujio la hewa, wazee wa karabureta walisema kweli: likiziba, mafuta huzidi. Lakini katika injini za petroli za sasa, ambazo hupimiwa mafuta kwa umeme, chujio chafu huondoa nguvu kuliko kuongeza ulaji. Lisafishwe, lakini msitazamie mwujiza. Na wale wauzao sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, au vidonge vya kutia tangini, idara ya mazingira ya Marekani imevichunguza vitu vya namna hiyo zaidi ya 100, wala haikuona hata kimoja kilichopunguza ulaji kwa kiasi cha maana. Nunueni kabeji.

Nimeliacha nyuma jambo lililo zito kuliko yote. Madereva wengi, wakifika juu ya mteremko, hutoa gia na kuliacha gari lishuke lenyewe, wakisema wanaokoa mafuta. Katika injini za sasa jambo hili hata halina faida. Gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta, injini hukata mafuta kabisa, huzungushwa na magurudumu tu. Ukitoa gia, injini lazima ichome mafuta ili isizimike. Basi aliyetoa gia ndiye atumiaye zaidi. Na hasara hii ya vijiko vichache ni ndogo kabisa mbele ya hatari yake. Gari lenye tani moja ya viazi, lisilozuiwa na injini, huachiwa breki peke yake. Breki hupata moto, kisha hulegea, na mguu wa dereva hukanyaga lakini gari halisikii. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, na upande wa pili ni bonde, na juu ya magunia wamekaa watu walioomba msaada wa kufika sokoni. Mwenye gari asiyekaa usukani mwenyewe amwambie dereva wake wazi: teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Na asimpe bakshishi kwa mafuta yaliyobaki tangini bila kuuliza yalibakije.

Mwenye kupima mara tatu, akarudisha thamostati, akajaza upepo, akapunguza mwendo, aweza kutoka 9 akafika 10. Huenda asifike 12 kamwe. Basi na achukue daftari, aandike 10, na juma lijalo awaambie wakulima nauli mpya ya gunia kwa hesabu hiyo, awaonyeshe na karatasi.