Nyaya nne za kebo, na daftari la majina

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Baraka)



Komite iliniomba niseme juu ya kazi ya vijana wetu wa elektroniki. Nitasema, lakini kazi yao itatupeleka kwenye jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi: majina yetu, na nani anayashika.

Vijana mnawajua. Wanaunda sanduku la kuchajia simu kwa pano ya sola na batri. Batri iko na volti 12, simu inataka volti 5. Mwanzoni walitumia kile kidude cha miguu mitatu, 7805, kinachotolewa ndani ya vyombo vibovu. Kinafanya kazi, lakini volti 7 zinazobaki kinazitupa kama moto. Simu ikivuta ampea 1, kidude kinapoteza wati 7 ili simu ipate wati 5. Ndiyo maana kilikuwa kinaunguza vidole na batri inakwisha kabla ya saa kumi. Siku hizi wanatumia kisahani kidogo kinachokatakata umeme badala ya kuuchoma, na batri inadumu.

Mimi nilichopenda zaidi ni kebo. Chana kebo ya kawaida ya USB, utakuta nyaya nne. Nyekundu na nyeusi zinapitisha umeme. Kijani na nyeupe zinapitisha habari: foto, majina, ujumbe. Kumbe tundu lile lile linaloshibisha simu ndilo linaloweza kuifungua. Mwaka 2011, kwenye mkutano wa DEF CON kule Las Vegas, watafiti waliweka kibanda cha kuchaji bure. Mtu akichomeka simu yake, kioo cha kibanda kinamwonya kwamba kibanda kama hicho kingeweza kuchota habari zake. Na wale walikuwa watu wa usalama wa kompyuta, si wavuvi wa Tanganyika!

Vijana wetu wanakata kijani na nyeupe. Upande wa simu wanaziunganisha hizo mbili zenyewe kwa zenyewe, ili simu ielewe kwamba iko kwenye chaja. Umeme unapita, habari hazipiti. Simu ya kuchaji haraka itachelewa kidogo, basi.

Lakini sitaki kuwatia hofu ya bure. Simu nyingi za sasa zinauliza kwanza kabla ya kutoa habari kwa kompyuta. Wizi wa kwetu ni mwepesi kuliko huo: mtu anaacha simu kwa mchajishaji asubuhi mpaka jioni, haina namba ya siri, na ndani yake kuna foto ya daftari la chama.

Hebu tuitazame hiyo foto. Jina, kijiji, namba ya simu, kadi ya uchaguzi, alama ya dole, dola alizopokea, na mara nyingine parsela anayodai. Tuliporudi kutoka Nyarugusu na Lugufu, wengine walikuta shamba liko na mtu mwingine. Kesi hizo bado zinazungumzwa. Anayelikalia shamba angependa sana kujua nani amerudi na amesema nini. Na mama mjane aliyepokea pesa Ijumaa, jina lake likizunguka kwenye WhatsApp Ijumaa jioni, usiku nani atalinda mlango wake?

Msiseme mashirika makubwa wako salama. Wengi hapa mlitafuta ndugu kwa barua za Msalaba Mwekundu. Mwezi wa kwanza 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi waliingia ndani ya kompyuta zenye habari za watu zaidi ya 515,000: waliotengana na familia, waliopotea, waliofungwa. Waliingia tarehe 9 Novemba 2021, wakagunduliwa tarehe 18 Januari. Siku 70! Walipita kwenye tundu la programu moja ambalo halikuwa limezibwa kwa wakati. Kama wale wenye mafundi wa kulipwa waliingiliwa, simu ya sekretere wetu je?

Sasa nageukia wafadhili, kwa heshima. Mnaomba foto ya kila mpokeaji akishika kadi yake, itumwe kwa simu. Ninaelewa: mnataka hakikisho kwamba pesa ilifika. Lakini ukaguzi hauhitaji sura ya mtu kupita simu tano. Tangu 13 Machi 2023 nchi yetu iko na Kodi ya Dijitali, na ndani yake kuna sehemu nzima juu ya ulinzi wa habari za mtu binafsi. Hii si huruma tu, iko sheria.

Pendekezo letu ni hili. Kila mwanachama apewe namba. Ripoti itume namba na kiasi, bila jina. Daftari lenye majina likae kwenye sanduku la bati, kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio wa nyumba moja. Mkaguzi akija, alifungue hapa, mbele ya komite, asome, asipige foto. Tunangoja jibu lenu kabla ya ugawaji ujao.

Na nyinyi wanachama, futeni leo foto za daftari zilizobaki kwenye simu na kwenye kadi za memori. Jumamosi vijana watakuwa chini ya mwembe wa buro. Leteni kebo zenu, hata zilizokatika, watazitengeneza. Wasiojua kuweka namba ya siri waje pia, hasa wazee wetu.