Maneno Yaliyosomwa Mkutanoni: Ghala na Miti ya Wazee

Ndugu wanaushirika,

Wengi mliomba tuyabandike hapa tuliyosema mkutanoni, maana mvua ilipiga bati na wa nyuma hawakusikia kitu.

Ghala tunalitaka. Kahawa na parachichi haziwezi kuendelea kulala barazani kwa watu. Hilo halina ubishi. Ubishi ni ramani. Fundi alipoileta, pale pa kugeuzia malori palikuwa peupe kabisa kwenye karatasi. Lakini sote twapajua: ni msitu wa makaburi ya machifu wetu. Fundi hana kosa, kwani nani alimwambia?

Wajerumani waliacha Boma pale Tukuyu mjini na jingine Masoko, kando ya ziwa. Hayo yana kuta, hata mgeni huyaona. Kumbukumbu za sisi Wanyakyusa ni miti. Wazee walipanda miti siku ya Ubusoka, vijana wa kichifu walipokabidhiwa nchi, na makaburi ya machifu yakaachiwa msitu wake. Mti hauna kibao. Katapila likija linaona kichaka tu.

Na tusijifanye wema. Tulipopanua njia ya kituo cha kununulia kahawa, ni sisi tuliokata upande wa chini wa msitu huo huo. Kuni zake hazikumaliza hata mwezi. Habari za chemchemi ya pale, wanaochota maji ndio waseme.

Zamani malafyale mwenyewe alikuwa mlinzi. Uchifu ulifutwa 1963, na tangu hapo kila mtu anadhani yuko mwingine anayelinda. Hayupo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ndio sisi.

Wengine wameuliza, je, huku ni kurudia matambiko? La. Misheni ya Rungwe ilianza 1891, na hakuna Mmoravian atakayekubali makaburi ya pale yalimwe viazi. Basi na haya ni hivyo hivyo.

Kusogeza ghala hatua arobaini kuna gharama, hatuwafichi. Upande ule una mwamba, tutachimba kwa mikono.

Jumamosi saa mbili asubuhi wazee watatembea na fundi, wapige vigingi kuzunguka msitu wote, ndipo ramani ichorwe upya. Njooni na majembe na sururu. Mapanga yabaki nyumbani.

Sisi wa Kamati.