KUTUNGA KWA LUGHA TULIYOJIFUNZA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nimeombwa niseme juu ya kutunga hadithi kwa lugha isiyo ya mama. Neno hili latuhusu sana, maana wengi wetu tulilelewa kwa lugha za nyumbani, na Kiswahili tulikipata shuleni na kazini. Kwa Kiswahili hicho twaandika barua na taarifa mchana kutwa bila hofu. Lakini mtu akitaka kutunga hadithi, mkono humlegea. Aogopa kuchekwa na wenye lugha, na daftari lake hulala sandukuni hata likaliwa na mchwa.

Wenye lugha ni nani? Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaundwa. Tangu hapo hata mtu wa Mombasa au Lamu, aliyenyonya Kiswahili kwa mama yake, alipotaka kuandika kitabu cha shule ilimpasa kufuata maneno ya mji mwingine. Basi kujifunza si aibu ya watu wa bara peke yao.

Tena tazameni mfano wa Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na wamisheni. Alitunga kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliokosa mtoto, na mume asikubali kumwacha mkewe ijapokuwa ndugu walimshurutisha. Aliimaliza mwaka 1945, asipate wa kuichapa, kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache. Ndipo akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilitolewa na mchapishaji wa Dar es Salaam mwaka 1980, miaka 35 baada ya kumalizika, naye akafariki mwaka 1981.

Mzee huyo hakujigeuza mtu wa pwani ili aandike Kiswahili. Majina, pombe ya ndizi, ziwa, na adabu za wakwe vilibaki vya Ukerewe. Kiswahili kilikuwa mtumbwi; shehena ilitoka kisiwani.

Kwa hiyo nashauri mambo manne. Kwanza, hadithi yako isimulie kwa sauti kwa lugha ya nyumbani kabla ya kuiandika. Pili, kitu kisipokuwa na jina katika Kiswahili, usikitupe. Kitaje kwa jina lake la kwenu, kisha onyesha kazi yake. Tatu, mpe ajuaye Kiswahili akusahihishie sarufi, lakini asikuondolee mambo yenyewe. Nne, lugha ya ofisini iache ofisini. Mama aliyefiwa na mwanawe hasemi, "Kwa heshima nakuarifu."

Mabwana na Mabibi, wazee wayajuao mambo ya kwetu wanakwisha mmoja mmoja, na tukingoja mpaka Kiswahili chetu kisiwe na kasoro, watakuwa wamekwisha wote. Sisi makarani twajua kuliko wengine maana ya mithali isemayo: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tuyatoe madaftari sandukuni, tukaandike.