Meza ya Fundi Mdogo

Nazungumza na akina mama, akina kukhu, akina shangazi, na nyinyi wasichana mnaobaki na watoto wenyewe wakienda shambani au sokoni. Kama kuna kizibo cha soda na rula hapo nyumbani, viweke karibu, tutavihitaji. Wanaume nao wasiondoke, maana leo kuna kazi ya nyundo.

Juma lililopita mama mmoja alileta mtoto wake wa miaka mitatu kliniki. Uzani mzuri, chanjo zote amepata, kijitabu cha mama na mtoto kimejazwa bila pengo. Nilipomuuliza kama kuna tatizo lingine, akapumua kwa nguvu. "Sista, huyu ni mharibifu. Juzi amefungua redio ya baba yake kwa kisu cha jikoni, akatoa betri zote. Amechapwa, lakini wapi!" Mtoto mwenyewe wakati huo alikuwa chini ya meza yangu akijaribu kuzungusha skrubu ya mguu wa kiti kwa ukucha.

Nikamwambia: Mama, huyo anatafuta kazi. Nyumbani hakuna aliyempa.

Mtoto akikaribia mwaka mmoja na nusu huanza kuigiza. Analaza gunzi la mahindi, analifunika leso, anaambia watu wanyamaze kwa sababu mtoto amelala. Akifika miaka mitatu au minne, yeye ni dereva wa boda boda, ni mwalimu, ni fundi. Sisi wakubwa tunaona upuuzi na kelele, lakini ndani ya kichwa chake kuna kazi kubwa. Anapanga kitu cha kwanza na cha pili. Anajifunza kwamba msumari huu ni mrefu na ule ni mfupi. Anamwambia mwenzake "nishikie hapa", na hapo ameongeza maneno mawili katika lugha yake. Vidole vinavyozungusha kifuniko leo ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo kuhusu malezi ya watoto wadogo. Walitaja mambo matano: afya njema, lishe, usalama, mlezi anayemwitikia mtoto, na nafasi ya kujifunza tangu utotoni. Manne ya kwanza mnayasikia kliniki kila siku. Hilo la tano ndilo mchezo, na ndilo tunaloliruka foleni ikiwa ndefu. Mwaka 2019 shirika hilo la afya likasema pia kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku, na asizidishe saa moja mbele ya televisheni au simu. Simu ya mama siku hizi imekuwa yaya. Sisemi kwa kumcheka mtu. Hata kwangu ilikuwa hivyo, na nitawaeleza kwa nini.

Mwanangu alipokuwa na miaka miwili na nusu nilimnunulia mjini meza ya fundi ya plastiki. Ilikuwa nzuri, rangi nyekundu na manjano, ina nyundo, msumeno, bisibisi, na mfuko wa boliti na nati. Sikusoma boksi. Jumamosi hiyo nikawa napiga pasi sare yangu huku yeye akicheza nyuma yangu. Kelele zikakoma. Mama, kelele za mtoto zikikoma ghafla, geuka. Nilipogeuka alikuwa ameshika shingo, mdomo wazi, hakuna sauti. Nati moja ilikuwa imekwama kooni. Mimi muuguzi mwenye diploma, mikono ilitetemeka. Nilimwinamisha nikampiga mgongoni, na pigo la nne nati ikaruka hadi chini ya kabati.

Nilifunga ile meza yote kwenye gunia nikaipandisha darini. Kwa karibu mwaka mzima mtoto wangu hakuwa na kitu cha kuchezea ila simu, kwa sababu mimi niliogopa. Aliyeniokoa ni mama mkwe. Alikuja kutoka upande wa Shinyalu, akamtazama mjukuu wake ameinamia simu, akaniuliza, "Huyu mtoto ni mgonjwa?" Siku ya pili akamwita fundi wa jirani, wakatafuta mabaki ya mbao.

Basi tuanze na wanaonunua dukani au kwenye mitumba, kisha tuje kwa wanaotengeneza.

Shika kile kizibo cha soda. Upana wake ni karibu sentimita 3. Mashirika ya viwango hutumia kikopo kidogo chenye upana wa sentimita 3.2 hivi kupima vitu vya watoto. Chochote kinachoingia chote ndani ya kikopo hicho hakifai mtoto wa chini ya miaka mitatu, maana kinaweza kuziba koo. Nyumbani unaweza kutumia kile kibomba cha karatasi kinachobaki karatasi ya choo ikiisha. Ni kipana zaidi kidogo, na hiyo ni faida. Nati ikipotelea humo, irudishe dukani. Tazama pia boksi: duara lenye uso wa mtoto na namba 0-3, limepigwa mstari, maana yake si ya mtoto wa chini ya miaka mitatu. Muuzaji akikuambia "huyu ni mkubwa, ataweza", mwachie maneno yake.

Kama keekee ya kuchezea inalia au inawaka taa, igeuze utafute mahali pa betri. Pawe na kifuniko kilichofungwa kwa skrubu. Zile betri ndogo bapa kama kitufe zikimezwa huchoma umio, na madhara makubwa yanaweza kuanza ndani ya saa mbili. Mtoto akimeza hiyo, usimtapishe, usingoje aende choo. Hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Sumaku vilevile: mbili zikimezwa hushikana ndani ya tumbo na kutoboa utumbo. Mimi ningeacha kabisa meza yenye sumaku.

Ukiifikisha nyumbani, iunge mtoto akiwa amelala. Mwaga vipande kwenye leso au beseni, uvihesabu ukilinganisha na picha ya karatasi kabla hujaanza, kwa sababu skrubu iliyopotea leo itaonwa kesho na mwenye magoti mafupi. Kaza miguu yote nusu nusu kwanza, simamisha meza, ndipo ukaze kabisa. Ukikaza mguu mmoja hadi mwisho, wa nne hautaingia sawa. Mifuko ya plastiki ya ndani itupe hapo hapo, mtoto asije akajivika kichwani.

Sasa wanaotengeneza, ambao naamini ni wengi, na kwa maoni yangu mimi ndio wanaopata meza bora. Mbao chache za saiprasi zilizobaki kwa fundi zinatosha. Mabaki ya mikaratusi hupasuka na kutoa vibanzi, uyaepuke kama unaweza. Usichukue kipande cha nguzo ya umeme wala mbao yenye rangi ya kijani ya dawa. Dawa ile ni ya kuua mchwa, na mtoto hulamba mikono.

Kimo usikikisie. Simamisha mtoto wima, akunje mkono, upime kutoka sakafuni hadi kiwiko, kisha upunguze upana wa vidole vinne. Mtoto wa miaka mitatu hupata kama sentimita 45 hadi 50. Juu pawe na urefu wa sentimita 60 na upana wa 35. Miguu iinamishwe kidogo kwa nje kama ya kigoda, na kila pande mbili za miguu ziunganishwe kwa ubao wa chini, la sivyo itayumba. Ikiisha, egemea ukingo mmoja kwa mkono wako. Ikiinuka upande wa pili, haijaisha. Tumieni skrubu badala ya misumari pale panapobeba uzito, na vichwa vyake vizame ndani ya mbao. Msasa upigwe mpaka upitishe soksi kuukuu juu yake bila kushika popote. Nafasi kati ya mbao na mbao iwe nyembamba kiasi kwamba kidole cha mtoto hakiingii, au pana kiasi kwamba kinatoka bila kuvutwa.

Nyundo ikatwe kwa tawi la mpera, ni gumu na ni jepesi kwa mkono mdogo. Mpini wa jembe uliovunjika, ukikatwa vipande vya sentimita 12 na kuviringwa ncha, ni misumari ya kugonga. Fundi atatoboa matundu matatu vipite. Msumeno ni kipande cha plaiwudi kisicho na meno. Lakini kilichompendeza mwanangu kuliko vyote kilikuwa shingo ya mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 20. Fundi aliikata pamoja na plastiki ya pembeni upana wa kiganja, akasugua makali, akaifunga juu ya meza kwa skrubu. Mtoto akazungusha kifuniko, akafungua, akafunga, mpaka nikaita chakula mara tatu. Ila mtungi uwe wa mafuta ya kula kweli. Ule wa dawa ya magugu ya shamba la miwa hauoshwi ukawa salama, hata ukitumia sabuni gani.

Rangi si lazima, mbao tupu inatosha. Ukitaka kupaka, soma mkebe uone umeandikwa kwamba rangi haina risasi. Risasi hii ni ile madini yanayotengenezwa risasi za bunduki na betri za gari. Huingia mwilini polepole na kuharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mnakumbuka habari za Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza mwaka 2007 na kufungwa 2014? Watoto wa kijiji kile waliumia kwa madini haya haya. Kwa hiyo mkebe wa rangi wa zamani usio na maandishi, uliokaa stoo tangu nyumba ilipojengwa, usiuguse. Wala watoto wasichore kwa unga mweusi wa betri za redio, kama tulivyozoea kuona zamani ubao wa shule ukipakwa.

Tukiwa hapo hapo, angalia ua wa boma. Watoto wakicheza ufundi huchuma kila kitu. Mnyaa hutoa maziwa meupe, nao huyafanya gundi au maziwa ya chai. Yakiingia jichoni ni kilio na hospitali. Osha kwa maji mengi safi kwanza, ndipo uje. Na ule mti wa ua wenye maua ya njano kama tarumbeta na tunda la kijani lenye kokwa gumu, ambalo watoto hulipenda kwa kurusha: kokwa lile ni sumu ya moyo. Si la kuchezea kabisa.

Mtu ataniuliza, "Na wasichana?" Niliulizwa hivyo hivyo kanisani. Binti wa dada yangu ndiye anayetawala meza yetu akitutembelea. Mwanangu huwa msaidizi wake wa kushika mbao. Sijaona alichopoteza.

Na kitu kikikwama kooni? Kama mtoto anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, kaa naye. Kama hawezi kukohoa, kulia wala kusema, mwinamishe mbele, umpige mara tano kwa kiganja katikati ya mabega. Kisichotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya kifua, uvute ndani na juu mara tano. Rudia. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja usibonyeze tumbo: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, piga mara tano, kisha mgeuze umsukume katikati ya kifua mara tano. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Mtu mwingine atafute gari au boda boda wakati wewe unaendelea. Akizimia, mlaze chali, anza kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi, mkiwa njiani.

Yule mama wa redio nilimshauri ampeleke mtoto apimwe masikio kwanza, kwa sababu mtoto "asiyesikia" mara nyingine kweli hasikii. Anasikia vizuri. Baba yake, niliyedhani atakuwa mgumu, ndiye aliyekuja kuniuliza vipimo vya miguu. Nilimwandikia kwenye karatasi, na nikamwongezea hili: kila mwisho wa mwezi aipindue meza, akaze skrubu, apitishe soksi tena, na amfundishe mtoto kurudisha nyundo mahali pake kabla ya kula.

Juma lijalo tutazungumza juu ya mtoto anayekataa uji. Kwaherini.