Kufungua na Kuendesha: Vitenzi vya Programu Zinazoanzishwa kutoka Mtandaoni

Mwaka 2001 kampuni ya Sun Microsystems ilitoa Java Web Start, nyenzo iliyomwezesha mtumiaji wa kompyuta kubofya kiungo katika kivinjari na kuanzisha programu kamili, yenye dirisha lake, nje ya kivinjari hicho. Kiungo kilileta faili fupi ya maelezo. Java ikaisoma, ikapakua sehemu za programu zilizotajwa humo, ikazihifadhi na kuziendesha. Microsoft ilifuata mkondo huo kwa ClickOnce mwaka 2005.

Suala la mhadhara huu ni vitenzi. Kwa mbofyo mmoja, matendo mawili yaliyokuwa yametengana yaliunganishwa. Kupakua, istilahi ambayo Kiswahili kiliitoa bandarini (na jikoni pia, atasema mpishi), ni kushusha shehena, na mzigo ukishafika gatini hautendi lolote. Programu inayoendeshwa, kwa upande wake, husoma mafaili, huandika na hata kufuta.

Msemaji wa kawaida, hata hivyo, husema kufungua. Barua hufunguliwa, picha hufunguliwa, programu nayo hufunguliwa. Kitenzi hiki humwonyesha mtumiaji kuwa ndiye mtenda pekee, ilhali aliyefungua programu amemkaribisha mtenda mwingine.

Waliobuni Java Web Start waliitambua tofauti hiyo. Programu isiyo na sahihi ya kidijitali ilizuiwa isiyaguse mafaili kwa hiari yake. Yenye sahihi iliweza kuomba ruhusa zote, na hapo mtumiaji akaonyeshwa jina la mtoaji na kuulizwa kama anakubali iendeshwe. Ulinzi mwingi ukaegemea swali hilo moja. Mtu aliyezoea kufungua tu hujibu ndiyo kabla hajamaliza kusoma.

Java Web Start iliondolewa katika toleo la 11 la Java mwaka 2018. Hata hivyo viungo vya mikutano ya video bado huita programu zilizomo kwenye kompyuta, na kivinjari cha Kiingereza huuliza kama zifunguliwe. Wasanifu wa istilahi yawapasa kutenga fungua kwa nyaraka na endesha kwa programu. Kushua, kitenzi cha mabaharia cha kuteremsha chombo majini, kingependeza zaidi; lakini ni wachache bara wanaokitumia, na anayeombwa ruhusa lazima aelewe papo hapo.