Waende Ng'ambo Wakasome, Lakini Waende na Swali Letu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, baada ya kuulizwa kama maofisa vijana wa Serikali waendelee kupelekwa nchi za nje kusomea mipango na uongozi wa Serikali.)



Katika mkutano uliopita mzee wetu mmoja alisimama hapa akauliza swali zito. Alisema hivi: "Kijana wetu wa idara ya maji ameondoka mwaka mzima, amekwenda ng'ambo kusomea kutawala. Huku nyuma pampu ya kisima imekufa, na ofisini hatuna wa kumwuliza. Je, kusoma kwake kunatufaa nini?" Wengine mlimpigia makofi, wengine mlimzomea. Mimi sikupiga makofi wala sikuzomea, kwa sababu swali lile lina haki ya kujibiwa. Leo nitajaribu kulijibu.

Kwanza tuelewane kinachosomwa ni nini. Mtu akishapata digrii yake ya kwanza, na akishafanya kazi ya Serikali kwa miaka kadhaa, anaweza kupelekwa kusoma mwaka mmoja au miwili juu ya sera ya umma. Maana yake ni nini? Ni elimu ya jinsi Serikali inavyoamua mambo: nani alipe kodi na nani asamehewe, barabara ipite wapi, fedha kidogo iliyopo iende kwenye zahanati au kwenye mfereji. Hufundishwa uchumi, hesabu za takwimu, bajeti na sheria. Hupewa kisa kilichotokea kweli katika nchi fulani akaambiwa: "Wewe ndiye katibu wa wizara. Waziri anataka shauri lako kesho asubuhi. Andika kurasa mbili tu." Kazi hiyo si mchezo. Wako watu wanaoweza kuandika kurasa mia, lakini kurasa mbili zinazosema kweli zinawashinda.

Vyuo vya namna hii ni vingi siku hizi. Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani kilianza mwaka 1957 mpango wa kuwafundisha maofisa wa nchi zinazoendelea. Mama Ellen Johnson Sirleaf, aliyekuja kuwa Rais wa Liberia, alipita hapo. Lee Hsien Loong, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Singapore, alipita hapo. Japani, Korea ya Kusini na Singapore nazo zina vyuo vyao vya kazi hiyo, na Oxford ilianzisha chake mwaka 2010. Mlango, basi, uko wazi. Swali letu ni nani apite, apite na nini mkononi, na arudi na nini.

Ndugu zangu, wako wanaosema kwamba kutawala hakusomewi shuleni, kwamba mtu huzaliwa nako au hujifunza kwa wazee. Mimi nawaombeni mkumbuke jinsi mkoloni alivyofanya. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wa Kiingereza walioajiriwa waje kuwa Mabwana Shauri katika Afrika hawakupakiwa melini moja kwa moja. Walipelekwa kwanza Oxford, Cambridge na London kwa masomo yaliyoitwa Kozi za Devonshire. Walifundishwa sheria, uchumi, mila za watu na lugha. Aliyeletwa Tanganyika alitakiwa afaulu mtihani wa Kiswahili. Fikirini jambo hilo! Yule aliyetaka kututawala aliona hawezi kututawala bila kutusomea. Je, sisi tunaotaka kujitumikia wenyewe tuseme kwamba hatuna haja ya kusoma?

Lakini upande wa pili nao upo, wala sitauficha. Elimu kubwa isiyouliza wenyeji ni hatari kuliko ujinga, maana mjinga hapewi fedha nyingi za kuharibu. Wazee wa Kongwa wanajua habari hii. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma wajumbe watatu kuja kutazama kama karanga zinaweza kulimwa kwa wingi katika Afrika Mashariki na ya Kati. Walizunguka wiki tisa, sehemu kubwa ya safari kwa ndege, wakaandika ripoti nzuri ya kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Mizizi ya miti ikavunja mashine. Mvua haikutosha. Udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu kama saruji. Januari 1951 mpango ukaachwa, na karibu pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Wagogo wanaoishi pale walijua ukame wa nchi yao tangu enzi za mababu. Elimu ya wale wajumbe ilikuwa kubwa, lakini hawakumpa Mgogo nafasi ya kuwapima.

Basi tuna mambo mawili mbele yetu. Bila wasomi hatuwezi. Kwa wasomi wasiotujua tutaangamia. Tufanye nini?

Tutazame tulikotoka. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa na wasomi wachache mno. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa akikumbusha kwamba Mwingereza alituachia wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Na Mwalimu huyo huyo alikuwa amesoma ng'ambo, Edinburgh, tangu 1949 mpaka 1952. Alirudi akafundisha Pugu, na mwaka 1954 akaongoza kuundwa kwa TANU. Digrii yake haikumfanya awe Mzungu mweusi, kwa sababu aliondoka hapa akiwa tayari na jambo moyoni mwake. Alikwenda nalo, akarudi nalo likiwa limenolewa.

Wengine walifuata njia hiyo. Benjamin Mkapa alipata digrii Makerere mwaka 1962, akaingia kazi ya Serikali, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Columbia huko New York kusomea mambo ya kimataifa. Mwaka 1995 akachaguliwa kuwa Rais. Samia Suluhu Hassan alianza na kazi ya ukarani, akasomea utawala wa umma Mzumbe na kumaliza mwaka 1986, kisha akasoma uchumi Manchester, Uingereza. Mwaka 2021 akaapishwa kuwa Rais. Angalieni, alianza na ukarani, akapita Mzumbe, ndipo akafika ng'ambo. Alijua ofisi ya Serikali inavyonuka vumbi kabla hajasikia mihadhara ya Wazungu.

Sasa nije kwenye sababu kubwa ya kuwapeleka. Serikali yoyote ya nchi maskini hukaa mezani na wenye fedha. Mwaka 1986 nchi yetu ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mashariti yakaja. Thamani ya shilingi ikashushwa. Katika miaka iliyofuata wananchi wakaanza kuchangia matibabu, na karo ya shule za msingi ilikuwapo mpaka ilipofutwa mwaka 2001. Sitaki kurudia hapa ubishi wote wa wakati ule. Nasema jambo moja: meza ile inataka mtu anayeweza kulifungua daftari la mwenzake, akazikagua hesabu zake, akamwambia, "Hapa umekosea, na mtoto atakayefukuzwa shule kwa kosa hili ni wa kwetu." Mtu wa namna hiyo hapatikani kwa kupiga kelele barazani, hupatikana kwa kusomeshwa.

Lakini msomi huyo aweza kukaa upande wetu wa meza huku moyo wake umehamia upande wa pili. Amefundishwa kwa vitabu vya kwao na mifano ya miji yao, kwa fedha ya kwao. Amezoea kusifiwa anapojibu kama wao. Asipokuwa na swali lake mwenyewe, atarudi na majibu ya maswali ya wenzake. Hapo ndipo kiini cha maneno yangu ya leo kilipo: aende, lakini aende na swali letu.

Tumchukue huyo kijana wa idara ya maji. Swali lake liwe nini? Si "maendeleo ni nini". Swali lake ni hili: kwa nini visima tunavyochimba kwa furaha, kwa ngoma na utepe, hufa baada ya miaka michache? Ni pampu mbaya? Ni vipuri vinavyokaa mbali? Ni kamati ya kijiji isiyotunza fedha? Au ni bajeti ya Serikali, ambayo ina fungu la kuchimba lakini fungu la kutengeneza halina kitu? Mtu akiingia darasani na swali hilo, kila somo linakuwa jembe lake. Takwimu zitamsaidia kuhesabu visima vilivyo hai na vilivyokufa. Bajeti itamwonyesha fedha ilipokwama. Na insha yake ya mwisho ataandika juu ya wilaya yake, ataacha kuandika juu ya mabasi ya Boston.

Na akirudi je? Hapa kosa si lake peke yake, ni letu pia. Mara ngapi kijana amerudi na elimu yake akakuta meza yake imepewa mwingine, akapewa kiti cha pembeni na faili la likizo za wafanyakazi? Baada ya mwaka mmoja anaomba kazi kwenye mashirika ya wageni, nasi tunamwita msaliti. Wakorea walilitazama jambo hili mapema. Mwaka 1971 Serikali yao ilianzisha taasisi ya utafiti wa maendeleo, ikawaita nyumbani wataalamu wa uchumi waliosoma Marekani, ikawapa kazi ya kuishauri Serikali juu ya mipango ya taifa. Walijenga nyumba ya kuwapokea wana wao kabla ya kuwalaumu kwamba hawarudi.

Wako pia wanaosema, "Shida yako nini? Mgeni ndiye anayelipa." Ndugu zangu, karo na tiketi huenda akalipa mgeni, lakini mara nyingi mshahara wa ofisa huendelea kulipwa na Serikali, na kiti chake hubaki kitupu. Anayelipia kiti kitupu ni yule mama anayechota maji mtoni. Kwa hiyo mama huyo naye ni mfadhili, tena ana haki ya kuuliza. Masomo ya Chevening ya Uingereza, yaliyoanza mwaka 1983, humtaka aliyefadhiliwa arudi kwao akae si chini ya miaka miwili. Ikiwa Mwingereza anamwambia kijana wetu arudi kwetu, sisi wenye kijana tusemeje?

Nasema tudai mambo manne, tuyapeleke katika vikao vyetu mpaka yafike juu.

Kwanza, nafasi zitangazwe wazi, zifike wilayani na Visiwani kama zinavyofika wizarani. Mtoto wa mkubwa asipite kwa jina la babake. Wanawake wapewe nafasi yao, nao waliofanya kazi vijijini watangulie.

Pili, kila anayeomba aandike kwa Kiswahili swali la wananchi analokwenda kulisomea, na wakuu wake wa kazi watie sahihi kwamba swali hilo ni la kweli.

Tatu, akirudi asome matokeo yake mbele ya watu, kwa Kiswahili, barazani. Elimu isiyoweza kuelezwa kwa lugha ya wananchi haijaiva bado. Tena wananchi wampe nafasi ya kusema hata yale wasiyopenda kuyasikia, maana pengine atatuambia kwamba fedha ya pampu iliibiwa na kamati yetu wenyewe.

Nne, Serikali imwekee kazi inayolingana na alichosomea kabla hajaondoka, naye afungwe kwa mkataba kuifanya kazi hiyo. Na tusisahau vyuo vyetu. Mzumbe ilianzishwa mwaka 1953, na Kivukoni ilifunguliwa mwaka 1961. Wanaorudi wafundishe huko, ili mmoja aliyepelekwa awafae mia waliobaki.

Wazee walisema: aendaye tezi na omo marejeo ni ngamani. Baharia hutembea mbele na nyuma ya chombo, lakini maji yakijaa ngamani, hana budi kushuka akayafua. Kijana wetu atembee. Aone Tokyo, aone London, aone Boston. Lakini ajue kwamba ngama ni hapa, na maji yanaingia.

Namalizia kwa mzee wetu aliyeuliza. Mzee, hujakosea. Usiache kuuliza. Siku kijana yule atakaporudi, usimpokee kwa shada la maua peke yake. Mchukue umpeleke mpaka kisimani, kwenye pampu ile iliyokufa, umwambie: "Mwanangu, tueleze sasa." Akiweza kutueleza na akaanza kazi, tutajua kwamba mwaka wake haukupotea. Akishindwa, tutamwuliza yeye, nasi tujiulize pia: tulimpa swali gani siku alipoondoka?

Uhuru na Kazi!